Wanamagongo wa Kitale na Bungoma wamechoka na pongezi, wapeni uwanja

Ukikaa Kibomet, hoki si mchezo wa kutazama kwenye simu tu. Ni mchezo wa jirani. Kitale ni nyumbani kwa St. Anthony's, na ukivuka upande wa Bungoma unakutana na Friends School Kamusinga pale karibu na Kimilili. Shule hizi mbili zimewahi kubeba ubingwa wa taifa wa mpira wa magongo. Msimu wa michezo ya shule ukifika, mabishano ya nani atamtoa nani hayakosi, na jina la Musingu ya Kakamega likitajwa, kelele zinaongezeka.

Sasa tukuulize swali moja. Wale vijana huishia wapi?

Kuanzia mwisho wa Novemba hadi Desemba 10, 2025, India iliandaa Kombe la Dunia la hoki la wanaume wa chini ya miaka 21 katika miji ya Chennai na Madurai. Ujerumani ilitwaa kombe baada ya kuibwaga Uhispania kwa penalti. Mara hii mlango ulipanuliwa: timu ziliongezwa kutoka 16 hadi 24. Afrika ilipeleka Afrika Kusini, Misri na Namibia. Kenya haikuwepo.

Afrika Kusini na Misri tumewazoea. Lakini Namibia? Sensa yao ya 2023 ilihesabu watu milioni 3 na kidogo. Sensa yetu ya 2019 ilipata watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Jumlisha mwenyewe: hizi kaunti mbili peke yake zinakaribia kuwa na watu wengi kama Namibia nzima. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba tatizo ni uchache wa vijana. Vijana wapo, na gongo wanalijua.

Wala usidhani Kenya haikuwahi kufika huko. Katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza ya nne. Ilitolewa nusu fainali na Uhispania kwa bao 1-0, kisha ikapoteza medali ya shaba kwa India 2-1 katika muda wa ziada. Nahodha maarufu wa enzi hizo, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972.

Halafu mchezo ukabadilika chini ya miguu yetu, na hapa hatutanii. Olimpiki ya Montreal 1976 ndiyo ya kwanza ambapo hoki ilichezwa kwenye nyasi bandia. Kenya haikucheza, kwa sababu mataifa mengi ya Afrika yalisusia michezo ile kupinga ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Kususia kulikuwa na haki yake. Lakini wenzetu waliendelea kuzoea uwanja mpya, sisi tukabaki na nyasi za kawaida. Nyasi bandia zilitandikwa City Park, Nairobi, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Mwaka uliofuata Kenya ilicheza Olimpiki ya Seoul. Tangu hapo timu yetu ya wanaume ya hoki haijarudi Olimpiki.

Kama hujawahi kushika gongo, huenda ukasema nyasi ni nyasi. Si kweli. Kwenye uwanja wa shule mpira unarukaruka, unakwama kwenye kishimo, na mchezaji hujifunza kuusubiri. Kwenye nyasi bandia zilizomwagiwa maji mpira unateleza kama umefyatuliwa. Pasi inafika kabla hujainua macho. Namna ya kuinama, kudaka na kupiga kona ya penalti, yote ni tofauti. Kijana aliyekulia kwenye nyasi za kawaida anapofika mashindano ya kimataifa, siku za kwanza anajifunza uwanja wakati mwenzake anatafuta bao. Na kutoka Kitale hadi Nairobi kufanya mazoezi City Park ni safari ya karibu kilomita 380. Nauli atatoa nani?

Hata hivyo, kuna mlango mdogo. Mwaka 2018 wavulana wa Kenya walicheza Olimpiki ya Vijana kule Buenos Aires, katika hoki ya wachezaji watano kila upande. India iliwapiga 7-1, ndiyo, na India hiyo ikaenda kuchukua medali ya fedha. Lakini walikuwepo. Na hoki ya watano haihitaji uwanja mzima wa mita 91 kwa 55. Takriban nusu yake inatosha.

Hoja yetu iko hapo. Hatuombi uwanja wa kifahari wenye viti vya maelfu. Tunaomba uwanja mmoja mdogo wa nyasi bandia ambao vijana wa Trans Nzoia na Bungoma wataufikia kwa matatu moja asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Kaunti zimekuwa zikizungumzia viwanja vyao, Kenyatta pale Kitale na Masinde Muliro pale Kanduyi, lakini wimbo mara nyingi ni soka. Katiba, katika Ratiba ya Nne, imezipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Haikusema soka peke yake.

Tunajua kuna atakayesema hospitali hazina dawa na barabara ni matope, sasa hoki ya nini? Ni swali la haki. Lakini pesa za michezo tayari hutengwa kila mwaka. Swali ni zinaenda wapi. Uwanja mdogo unaotumiwa na shule kumi kila wiki una faida kuliko jukwaa la wageni waheshimiwa linalojaa mara moja kwa mwaka.

Uwanja peke yake hautatosha. Mtihani wa Kidato cha Nne ukiisha, wengi hutundika gongo siku hiyo hiyo, na ukiwatafuta utawapata kwenye boda. Umri wa Kombe la Dunia la vijana ni chini ya miaka 21. Maana yake ile miaka miwili au mitatu baada ya shule, ambayo sisi tunaitupa, ndiyo wenzetu wanavuna. Tunahitaji klabu za mtaani, na wale wachezaji wa zamani wa Kamusinga na St. Anthony's waliojaa mijini humu wawe makocha.

Wewe je, utafanya nini? Kabla ya bajeti kupitishwa mwezi Juni, kaunti hualika wananchi kutoa maoni. Mara nyingi vijana hawaonekani, halafu tunalalamika mtandaoni. Safari hii nenda. Beba gongo ukitaka, na usimame uulize: uwanja wa hoki uko ukurasa gani wa bajeti? Wakikosa jibu, rudi mwaka ujao ukiwa na wenzako ishirini.