Haraka ya Mtandao na Siri za Nyumba

Mtu akisimama mjini Morogoro siku isiyokuwa na ukungu na kuinua macho kuelekea Uluguru, ataiona minara ya mawasiliano juu ya kilele cha Bondwa. Mgeni hudhani kwamba wenyeji wa milima ile wamejaliwa neema ya mawasiliano kupita watu wote. Sivyo. Mawimbi ya simu hupenda kusafiri kwa kunyooka, nayo milima haimpishi mtu njia. Nyumba iliyo juu mgongoni hupata mtandao wa kutosha, na jirani aliye bondeni, mwendo mfupi tu kwa miguu, akakosa hata wa kutuma salamu.

Kwa mkulima wa kabichi wa Mgeta anayetaka kujua bei za Dar es Salaam kabla lori halijapakiwa, ukurasa unaochelewa kufunguka ni adha. Tena ni gharama, maana bando huliwa na picha na matangazo ambayo yeye hakuyaomba.

Dawa ya adha hiyo ilipatikana zamani kidogo. Mwaka 2005 kampuni ya Opera ya Norway ilianza kujaribu kivinjari chepesi kilichoitwa Opera Mini, na mapema mwaka 2006 kikasambazwa duniani kote. (Kivinjari ni ile programu tunayofungulia kurasa za mtandao.) Kiliingia hata katika simu ndogo za vitufe, kikapendwa mno katika Afrika Mashariki. Wepesi wake una sababu moja. Simu haiendi yenyewe kuufuata ukurasa, huagiza. Kompyuta kubwa za kampuni, zilizoko mbali, huupokea ukurasa kwa niaba yako, huupunguza, huzikamua picha, kisha hukutumia furushi dogo. Kampuni yenyewe husema ubanaji wa namna hiyo huweza kuokoa hadi asilimia 90 ya data. Mwenye vocha ya shilingi 500 hawezi kulidharau jambo hilo, wala mimi silidharau.

Wazee wetu wanaoikumbuka telegramu watanielewa upesi. Telegramu ililipiwa kwa idadi ya maneno, hivyo mtu aliibana habari yake: MAMA MGONJWA NJOO UPESI. Ilifika haraka kuliko barua. Lakini karani wa posta aliyeyapokea maneno yale dirishani aliyasoma, na karani wa upande wa pili akayasoma tena kabla ya mwenyewe. Barua ilichelewa, ila ilifika imefungwa kwa gundi. Hakuna aliyemlaumu karani, kwani kazi yake haikuwezekana bila ya kusoma. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta inayobana kurasa: haiwezi kupunguza kitu isichokiona.

Siku hizi tovuti nyingi hufunga mawasiliano kwa kufuli, yaani maneno hugeuzwa fumbo ambalo simu yako na tovuti ile ndizo pekee ziwezazo kulifumbua. Ubanaji mkubwa kabisa ukiwashwa, fumbo hilo hufumbuliwa katikati ya njia, ndani ya kompyuta za kampuni, kisha hufungwa upya kuja kwako. Opera haikulificha jambo hilo. Iliwaambia watu kwamba anayetaka kufuli kamili tangu mwanzo hadi mwisho atumie kivinjari cha kawaida. Taabu ni kwamba maelezo ya namna hiyo huandikwa mahali ambapo mtu anayenunua simu karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu hafiki kamwe.

Wengine hawakuwa wawazi hivyo. Januari 2013 mtaalamu mmoja wa usalama wa mtandao aligundua kwamba kivinjari cha Nokia, kilichokuwamo katika simu za Asha zilizotapakaa mikononi mwa watu wengi, kilikuwa kikifumbua hata kurasa zilizofungwa kwa kufuli. Nokia ilikiri kwamba ilikuwa ikifumbua, ikasema ni kwa muda tu na kwa njia ya usalama. Huenda ni kweli tupu. Lakini watu walikuwa wakiandika nywila zao wakiamini wako wawili, kumbe wako watatu. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab katika Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba UC Browser, kivinjari kingine kilichosifiwa kwa mbio, kilikuwa kikivujisha taarifa za watumiaji, yakiwamo maneno wanayoyatafuta.

Katika simu za leo upo mtindo wa pili, nao hauna hata karani wa kumwona: kupakia kurasa mapema. Kivinjari cha Chrome hubahatisha ukurasa utakaoufuata, kikauleta kabla hujaugusa. Ni kama mhudumu wa mgahawa anayekuwekea chai mezani kwa kuwa ameshakusoma ulivyokaa. Chai huja upesi, ndiyo. Lakini tovuti ambayo hukuifungua imekwisha kujua kuwa simu yako ilibisha hodi, na kama umeruhusu vidakuzi, yaani alama ndogo za kukutambulia ukirudi, inaweza kukuwekea.

Wapo watakaosema, "Mimi sina cha kuficha." Mtu huyo tumuulize mlango wa chumba chake una kazi gani. Chukulia mfanyakazi wa kiwandani aliyetoka hospitali na cheti cha dawa, akaamka usiku kutafuta dawa ile hutibu nini. Chukulia binti wa kidato cha tatu mwenye hofu ya mwili wake na asiye na wa kumuuliza. Chukulia mtumishi anayetafuta ajira kwingine ilhali bosi wake hajui. Hakuna hata mmoja aliyetenda kosa. Lakini maswali ya mtu, yakikusanywa pamoja, ni ramani ya nyumba yake, na ramani hiyo ina wanunuzi. Aliyekopa kupitia simu, kisha akaona ndugu na marafiki wakipigiwa kuelezwa deni lake, anajua uchungu wa orodha ya siri kuwa mikononi mwa mgeni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni.

Kinachonikera mimi si ubanaji wenyewe, bali ni nani anayeulipia. Mwenye bando nono, aliyekaa karibu na mnara, huufungua ukurasa moja kwa moja na kufuli lake ni kamili. Mama wa Kinole, mwenye ndizi za kuuza na mtandao wa kubahatisha, hulipia kwa siri zake kile ambacho mwenzake amelipia kwa shilingi. Wala hakuambiwa kwamba analipa.

Basi tufanyeje nyumbani? Kwa mpira, bei za mazao, hali ya hewa na habari za dunia, bana upendavyo. Karani akisoma matokeo ya Simba na Yanga hakuna hasara. Ukifika kwenye fedha, maradhi na mambo ya ndani ya ndoa, zima ubanaji au tumia kivinjari cha kawaida, hata kama utangoja. Vipo vivinjari vinavyokuruhusu uzizime picha wewe mwenyewe, na hilo hupunguza uzito bila ya kumwita mtu wa tatu. Kule kupakia kurasa mapema huzimwa katika mipangilio ya Chrome, penye faragha na usalama. Kazi hiyo mzazi aifanye pamoja na kijana wake, wala asimnyang'anye simu. Mara nyingi kijana ndiye atakayemwonyesha mzazi pa kubonyeza.

Haki yenyewe si ngeni kwetu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo imeunda Tume ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko yake. Sheria hiyo inagusa pia taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kompyuta zinazozibana kurasa zetu ziko ng'ambo, na mama wa Kinole hajui hata zinaitwaje.