Binti Akiitwa Kukimbia Marekani

Barua ikija kutoka chuo kikuu kidogo cha Marekani kumwita binti akasome huko na kukimbia katika timu ya chuo, nyumba nzima hushangilia na majirani huja kutoa pongezi. Nasi twampongeza. Lakini akina mama wenzetu, yafaa tuelewe mambo hayo yanavyoendeshwa kabla binti hajapanda ndege.

Michezo ya vyuo vya Marekani ina vyama vyake. Kilicho kikubwa ni NCAA, ambacho huvigawa vyuo katika madaraja matatu. Vyuo vidogo vingi vimo katika daraja la pili na la tatu, au katika chama kingine kiitwacho NAIA. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Daraja la pili hutoa, lakini kwa kipimo: timu ya wasichana ya riadha na mbio za nyika haiwezi kuzidi jumla ya ufadhili kamili 12.6, na kocha huugawa vipande vipande kwa wakimbiaji wake. Kwa hiyo neno “ufadhili” katika barua laweza kuwa karo yote, chakula na malazi, au laweza kuwa robo ya karo tu. Uliza kiasi, tena kwa maandishi.

Udogo wa chuo usikutie shaka. Adams State ni chuo kidogo katika mji wa Alamosa, jimbo la Colorado, mahali pa juu kupita Eldoret. Mwaka 1992, katika fainali ya mbio za nyika ya daraja la pili, wanaume wake walishika nafasi zote tano za kwanza. Kocha mzuri aweza kupatikana popote.

Linalotuhangaisha sisi tulio wauguzi ni mwili wa binti. Mkimbiaji wa masafa marefu huwa na misimu mitatu kwa mwaka mmoja wa masomo: mbio za nyika kuanzia Septemba, mbio za ukumbini wakati wa baridi, kisha mbio za uwanjani hadi Mei. Mapumziko ni machache. Ufadhili nao mara nyingi hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Msichana aliye mbali na kwao, anayejua kwamba miguu yake ndiyo inayomlipia karo, ataogopa kusema kwamba anaumwa.

Ndipo shida huanza kimya kimya. Chakula cha bwenini ni kigeni kwake, au amesikia kwamba mwembamba hukimbia kasi zaidi, naye akapunguza kula. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko unazopewa huanza kubana matumizi, na hedhi hukatika. Wako wanaodhani hiyo ni alama ya mazoezi mazuri. Sivyo. Hedhi inapokatika kwa sababu hiyo, mifupa hukosa homoni inayoilinda, na hayo hutokea katika miaka ile ile ambayo mifupa ilipaswa kujijenga kwa ajili ya maisha yote. Mara utasikia ana ufa katika mfupa wa muundi au wa mguu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina lake, RED-S, ikaeleza kwamba huwapata wavulana pia. Tena wasichana wengi wanaokimbia hupungukiwa na madini ya chuma, wakawa wachovu bila kujua sababu.

Hivyo basi, mama, usikubali simu ya kila Jumapili iishie kwenye “ulishika nafasi ya ngapi?” Muulize anakula nini asubuhi kabla ya mazoezi. Muulize kama siku zake zinakuja. Kama hakuwa na aibu kukuambia alipovunja ungo, hatakuwa nayo sasa, mradi wewe uanze. Zikikosekana miezi mitatu, aende kwa daktari, apimwe damu na kiwango cha chuma. Asimeze vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Maumivu ya mfupa yanayozidi anapokimbia nayo yasingoje mashindano yapite.

Na kabla ya kutia sahihi, uliza: akiumia, ni bima ya nani italipa? Asipoweza kukimbia msimu mzima, karo itakuwaje? Mazoezi yakigongana na vipindi vya maabara, kipi kitatangulia?

Swali hilo la mwisho ni zito. Sally Kipyego wa Kenya alianzia South Plains College, chuo cha miaka miwili katika mji mdogo wa Levelland, Texas, kisha akahamia Texas Tech. Huko alishinda ubingwa wa NCAA mara tisa, na akaondoka na shahada ya uuguzi. Medali yake ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London aliipata mwaka 2012, shahada ikiwa tayari mkononi.

Mbio zina umri wake. Binti arudi, au abaki huko, akiwa na cheti chake, na mifupa imara ya kumbeba hata atakapokuwa bibi.