Tarakilishi kuukuu: Mwenye duka asimtwike mfanyakazi lawama

KAMPUNI ya Microsoft ilipositisha huduma zake za kawaida kwa mfumo wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, hakuna tarakilishi iliyozimika. Wanaosanifu kadi za harusi, mabango na vitambulisho vya kazi waliweza kuwasha mitambo ile ile kesho yake na kuendelea na shughuli kama ada.

Utulivu huo ndio unaohadaa. Mfumo usiohudumiwa hauharibiki kwa siku moja; ila nyufa mpya ambazo wahalifu wa mtandaoni hugundua ndani yake hazizibwi tena.

Hata hivyo, wenye maduka ya uchapishaji wanaosita kubadilisha mitambo hawasukumwi na ubahili pekee. Mnamo 2013, kampuni ya Adobe iliacha kutoa matoleo mapya ya programu zake kuu za usanifu kwa malipo ya mara moja, ikageukia ada za kila mwezi au mwaka. Aliyenunua toleo la CS6 la mwaka 2012 alilipa mara moja tu. Nayo Windows 11 iliyotolewa 2021 hudai kifaa cha usalama, TPM 2.0, ambacho tarakilishi nyingi za mitumba hazina. Kwa kampuni zilizotaka kuendelea kulindwa, Microsoft iliweka ada ya dola 61 kwa kila tarakilishi katika mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu.

Lakini ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji. Mnamo Mei 2017, virusi vya WannaCry vilivamia tarakilishi katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga huduma za hospitali Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kinga miezi miwili awali kwa mifumo iliyokuwa ikihudumiwa. Windows XP, iliyoachwa tangu Aprili 2014, ilipewa kinga hiyo hadharani baada ya shambulio kutokea.

Swali kuu basi ni nani atakayewajibika. Mikononi mwa msanifu hupitia picha za wanafunzi, majina na nambari za vitambulisho. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshughulikia data kwa niaba ya mwingine, mfano duka linalochapishia shule vitambulisho, kuiarifu shule hiyo ndani ya saa 48, inapowezekana, data ikivuja. Shule nayo ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data.

Wajibu huo ni wa mwenye biashara. Si haki kumtwika lawama kijana aliyechomeka flashi ya mteja, ilhali hana uwezo wa kununua hata kipanya.

Iwapo fedha za mitambo mipya hazipo, mwenye duka aitenge tarakilishi kuukuu na mtandao, kazi za wateja zipokelewe na kukaguliwa kwenye mtambo mwingine unaohudumiwa, na nakala zihifadhiwe kando. Hatua hizo hazimalizi hatari, kwani flashi nayo hubeba virusi, lakini zinaipunguza. Zaidi ya hayo, aweke akiba ya mtambo mpya kama anavyoweka ya wino na karatasi. Asipoziba ufa, atajenga ukuta.