Mpime kwa Kura Zake, Siyo kwa Kofia ya Chama



Kila uchaguzi ukikaribia, watu wanaotaka viti hufika kwenye lango la kiwanda na kusema kwamba wao ni marafiki wa mfanyikazi. Mwaka huu huvaa kofia ya chama hiki, na uchaguzi mwingine huja na kofia ya chama kingine. Nasi twauliza: rafiki wa kweli atajulikanaje? Jibu letu ni fupi. Tazama alipiga kura gani siku ile sheria ya kazi ilipokuwa mezani. Ili neno hili lieleweke vema, leo twaeleza habari za mtu mmoja wa Marekani aliyevaa kofia tatu, naye ni Seneta Wayne Morse wa jimbo la Oregon.

Bwana Morse alizaliwa mwaka 1900 katika jimbo la Wisconsin. Alikuwa mwalimu wa sheria katika chuo kikuu cha Oregon, na kabla ya kuingia siasa alijulikana kama mwamuzi wa magomvi ya kazi. Makuli wa bandari za pwani ya Pasifiki na wenye meli walipogombana, yeye alikuwa miongoni mwa walioitwa kukata shauri. Mwaka 1944 alichaguliwa kuwa Seneta kwa kofia ya Republican, chama ambacho matajiri wengi wa viwanda walikitegemea. Mwaka 1950 alichaguliwa tena kwa kofia ile ile.

Sasa, ndugu, tusitazame kofia. Tufungue daftari la kura.

Mwaka 1947 chama chake kilileta sheria iitwayo Taft-Hartley. Sheria hiyo ilikataza mapatano ya kuajiri wanachama wa union peke yao. Iliruhusu kila jimbo kuzuia mapatano ya kumtaka kila mfanyikazi ajiunge na union. Ilikataza migomo ya kuwasaidia wenzao wa kampuni nyingine, na ikaipa Serikali njia ya kupata amri ya korti kusimamisha mgomo mkubwa kwa siku 80. Rais Truman alikataa kuitia sahihi. Baraza la Seneti likaipitisha juu ya kichwa chake kwa kura 68 dhidi ya 25. Katika Maseneta wote wa Republican, watatu tu walisema "la", na Morse alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1952 alikihama chama hicho akawa hana chama. Januari 1953 aliingia katika ukumbi wa Seneti na kiti chake cha kukunja mkononi, akisema atakiweka njiani katikati ya pande mbili. Watu walicheka, lakini adhabu haikuwa ya kuchekesha. Alinyang'anywa nafasi yake katika kamati ya mambo ya kazi na katika kamati ya majeshi. Mwaka huo huo alisimama akasema kwa saa 22 na dakika 26 bila kuketi, akipinga mali ya mafuta iliyo chini ya bahari isitolewe kwa majimbo ya pwani, kwa kuwa aliona ni mali ya nchi nzima. Hata hivyo sheria ile ilipita.

Mwaka 1955 akajiunga na chama cha Democratic, na mwaka 1956 wapiga kura wa Oregon wakamrudisha kwa kofia hiyo ya tatu. Mwaka 1962 wakamrudisha tena. Adui zake walimwita kigeugeu. Lakini mwaka 1959 ilipokuja sheria nyingine ya kuzibana union, iitwayo Landrum-Griffin, kura ya mwisho katika Seneti ilikuwa 95 dhidi ya 2. Morse alikuwa mmoja wa wale wawili. Chama chake kipya kilikuwa upande mmoja, yeye upande mwingine, kama ilivyokuwa mwaka 1947 katika chama chake cha zamani. Basi ni nani aliyegeuka? Kofia iligeuka. Kura haikugeuka.

Hapo twapata somo la kwanza. Mtu anayehama chama ili aendelee kupiga kura ile ile si sawa na mtu anayehama chama ili apate kiti, gari na cheo. Asiyeweka daftari hawezi kuwatofautisha.

Lakini tahadharini, maana daftari nalo linaweza kumdanganya asomaye haraka. Mwaka 1957 Seneti ilipiga kura juu ya sheria ya haki za watu weusi. Morse alisema "la", pamoja na Maseneta wa kusini waliotaka watu weusi waendelee kukandamizwa. Anayehesabu tu atasema: huyu naye ni mbaguzi. Sivyo. Aliipinga kwa sababu ilikuwa imekatwa meno hata isiweze kuuma. Mwaka 1964 ilipokuja sheria yenye meno, iliyokataza hata kumnyima mtu kazi kwa sababu ya rangi yake, alisema "ndiyo". Kwa hiyo katika daftari tusiandike "ndiyo" na "la" tu. Tuandike sheria ilisema nini, na mtu alitoa sababu gani, kisha tuone kura iliyofuata inakubaliana na sababu ile au inaikana.

Na sasa tuseme jambo chungu. Mwaka 1966 mafundi wa ndege wapatao 35,000 waligoma katika kampuni tano, na mgomo ukadumu siku 43. Morse huyo huyo, mwamuzi wa zamani, ndiye aliyeleta katika Seneti azimio la kuwarudisha kazini kwa nguvu ya sheria. Seneti ikalipitisha. Baraza la pili halijamaliza kazi yake, mafundi na makampuni wakapatana wenyewe. Mafundi walikasirika sana, na sisi twasema walikuwa na haki ya kukasirika. Mfanyikazi asiye na ruhusa ya kuacha kazi hana kitu cha kuweka mezani. Kura hiyo lazima iandikwe katika daftari kwa wino ule ule ulioandika zile nzuri. Rafiki akikosa, aambiwe amekosa. Lakini mstari mmoja si kitabu kizima. Union isiyosamehe hata mara moja itabaki bila rafiki, na ile inayosamehe kila mara itachekwa.

Kura iliyomgharimu zaidi ilikuwa ya tarehe 7 Agosti 1964. Rais Johnson aliomba ruhusa ya kutumia majeshi katika Vietnam, akisema meli za Marekani zimeshambuliwa katika ghuba ya Tonkin. Baraza la Wawakilishi lilikubali kwa kura 416, bila hata mmoja kupinga. Katika Seneti waliokubali walikuwa 88. Wawili tu walikataa, Morse na Ernest Gruening wa Alaska. Baadaye ilijulikana kwamba shambulio la pili lililotajwa, la tarehe 4 Agosti, halikutokea. Lakini ujuzi huo ulichelewa. Mwaka 1968 wote wawili walipoteza viti vyao. Morse alishindwa na Bob Packwood kwa kura zaidi kidogo ya 3,000 katika jimbo zima. Mwaka 1972 alijaribu tena akashindwa na Mark Hatfield, mtu ambaye mwaka 1966 Morse mwenyewe alimuunga mkono, ingawa alikuwa wa chama kingine, kwa sababu naye alipinga vita. Alifariki Julai 1974, akiwa katikati ya kampeni ya kukitafuta kiti kile kile.

Je, habari hizi zatuhusu nini hapa Kenya? Zatuhusu sana. Sisi tulikuwa na Seneti mwaka 1963, ikavunjwa baada ya miaka michache, ikarudi mwaka 2013 kwa Katiba ya 2010. Kuhama chama twakujua pia. Mwaka 1966 Wabunge na Maseneta waliotoka KANU wakaingia KPU walilazimishwa kurudi kwa wapiga kura katika uchaguzi mdogo wa Juni. Hata Katiba ya sasa yasema kwamba aliyechaguliwa kwa tikiti ya chama akikihama hupoteza kiti. Sheria hiyo yalinda kofia. Hakuna sheria ilindayo kura. Mtu aweza kukaa katika chama kimoja miaka mitano, akapiga kura dhidi ya mfanyikazi kila mara, na asiulizwe neno.

Kazi ya kumuuliza ni yetu. Kila tawi liwe na daftari la Seneta na la Mbunge wake, na karani wa tawi asome Hansard. Kura ikipigwa kwa sauti tu, bila majina, tumuandikie barua tumuulize alisema nini, na akinyamaza tuandike kwamba alinyamaza. Siku atakapokuja langoni kuomba, mwenyekiti wa tawi asimame na daftari mkononi, alisome mbele ya watu wote, mazuri na mabaya, kisha ampe nafasi ajibu. Baada ya hapo kila mwanachama aende akapige kura yake akijua anamchagua nani.

Mhariri