Kona ya Kompyuta: Meza yenye pande nne

Tangu ile kompyuta ya chumba cha vijana ianze "kuzunguka", tumepata maswali mengi. Kuna waliodhani imeharibika. Kuna mama aliyekuta watoto wamejaa mlangoni jioni nzima akauliza: hivi hayo ni masomo ama ni mchezo? Basi ukurasa wa mwezi huu tunauachia jambo hilo. Ile meza inayozunguka ni nini, na inawezaje kupangwa ili familia zinazoitumia kwa zamu zipate faida? Na kuna mahali pa kuwa waangalifu, tutafika.

Tuanze na neno. Ukiwasha kompyuta, kile unachokiona kwanza, chenye picha ya nyuma na vijipicha vya mafaili, Kiswahili cha vitabuni kinakiita eneokazi. Sisi tuliosomea Goma tumezoea kusema biro. Hapa tutasema meza tu, maana ndivyo walivyoifikiria waliotengeneza: meza ya ofisi na karatasi juu yake. Meza ya kawaida ni bapa. Meza ya vipimo vitatu ina kina pia, ina mbele, nyuma na pembeni. Ile ya kwetu ni mchemraba, mfano wa dadu la ludo. Pande nne za kando ndizo tunazofanyia kazi, juu na chini ni mapambo.

Watu wamejaribu meza za namna hii kwa miaka mingi. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilionyesha moja mwaka 2003, ikaiita Looking Glass. Humo uliweza kuligeuza dirisha na kuandika maneno nyuma yake, jinsi tunavyoandika majina ya watu nyuma ya picha ya karatasi. Wazo zuri sana kwa maoni yetu, lakini halikufika mbali. Windows Vista ya 2007 ilipanga madirisha kama karata zilizosimama, halafu Microsoft wakaondoa jambo hilo katika Windows 8. BumpTop, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Toronto, ilikuwa na meza yenye kuta, unarundika mafaili kama karatasi na kubandika picha ukutani. Google waliinunua mwaka 2010. Nyingi zilikuwa za kushangaza wageni dakika tano, basi.

Mchemraba ndio uliodumu. Ulijulikana na programu inayoitwa Compiz, iliyotolewa na kampuni ya Novell mwaka 2006, na kuanzia Ubuntu 7.10 ya Oktoba 2007 Compiz ilikuja imewekwa ndani ya Ubuntu tayari. Siku hizi lazima uiongeze mwenyewe. Inakubali vizuri kwenye Ubuntu MATE na Linux Mint MATE, kwa sababu inahitaji mfumo wa zamani wa kuchora skrini unaoitwa X11. Kwenye mfumo mpya, Wayland, haifanyi kazi. Wale wa KDE nao walikuwa na mchemraba wao, wakautoa, watu wakalalamika, ukarudi katika Plasma 6 mwezi wa pili 2024. Vyote hivi havilipiwi. Na wenyeji wetu wa Rubavu hawahitaji kufundishwa neno Ubuntu: kwa Kinyarwanda ni ukarimu, na kitu cha ku buntu ni cha bure.

Sasa kupanga. Ukiongeza Compiz, ongeza pia programu yake ya mipangilio. Ndani yake kuna orodha ndefu ya viongezo, na ni viwili tu vinavyotakiwa kwanza: kile cha mchemraba na kile cha kuuzungusha. Kompyuta itakuambia vinagombana na ukuta wa meza, kubali ukuta uzimwe. Kisha nenda kwenye ukubwa wa meza, upana andika 4. Ukiacha 2 hupati mchemraba, unapata kitu kama ubao wenye mbele na nyuma. Ukiandika 3 unapata pembe tatu. Baada ya hapo shika Ctrl na Alt pamoja na mshale wa kulia au wa kushoto, meza inageuka. Ukitaka kuizungusha kwa mkono, shika hizo hizo mbili halafu buruta kwa kipanya.

Watoto wakifika hapo wanataka yote. Madirisha yanayotikisika kama bugali ambayo haijaiva, mvua kwenye skrini, moto wa kuchora kwa kipanya. Kuna hata kiongezo kinachoweka samaki waogelee ndani ya mchemraba. Humo wamo nyangumi na papa (papa wa baharini, si papa wa nyumbani), hakuna sambaza hata mmoja, kwa hiyo mtoto aliyekulia kando ya Kivu atauliza. Hatukatazi. Lakini michoro hiyo inakula chaji ya betri, na siku ya mawingu, ambayo huku kwetu ni siku nyingi, umeme wa jua hautoshi kuwasha mvua ya bandia wakati ya kweli inapiga mabati. Tumeamua mvua na moto vizimwe, samaki waruhusiwe Jumamosi.

Faida ya kweli iko kwenye kuzipa pande kazi. Kwenye kompyuta yetu upande wa kwanza ni wa masomo ya watoto, wa pili ni wa barua na kuandika, wa tatu ni wa picha na muziki, wa nne tumeuacha mtupu kwa anayejifunza kwa mara ya kwanza, apate mahali ambapo hawezi kuvuruga kazi ya mwingine. Katika kiongezo kinachopanga madirisha unaweza kuamuru programu fulani ifungukie upande fulani siku zote. Fanya hivyo. Mama asiyejua kusoma hatahitaji kutafuta: akitaka kusikiliza nyimbo anageuza mara mbili, anaona rangi yake, amefika.

Rangi ndiyo iliyotusaidia kuliko maneno. Kuna kiongezo cha kuweka picha tofauti kila upande: buluu kwa masomo, kijani kwa barua, njano kwa muziki, nyeupe kwa mwanafunzi. Hapa wengi wanakwama, tuwaambie mapema. Ile programu ya kawaida inayochora picha ya nyuma inafunika kazi ya kiongezo, kwa hiyo lazima uizime, na ukiizima vijipicha vya mafaili vinatoweka mezani. Mafaili hayajapotea! Yamo kwenye folda zake kama zamani. Weka tu programu mnazozitumia kwenye ukanda wa chini, maana ukanda unaonekana kutoka pande zote nne.

Wazee wawili walituambia mzunguko unawapa kizunguzungu, na mmoja alikataa kukaa tena. Tumepunguza mambo matatu na amerudi: mchemraba usirudi nyuma mbali unapogeuka, mwendo uwe wa haraka na mfupi, na ile tabia ya meza kugeuka yenyewe kipanya kikigusa ukingo izimwe kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa inawatisha watu wengi, eti kompyuta ina pepo.

Wanaosema haya ni ya wazungu wenye muda wakumbuke jambo moja lililotokea hapa hapa Rwanda. Kuanzia 2008 shule za msingi zilianza kupata zile kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa OLPC. Waliotengeneza uso wake, unaoitwa Sugar, waliiacha meza kabisa. Walisema mtoto wa darasa la pili hana ofisi, meza na kabati la mafaili vinamhusu nini? Badala yake walimweka mtoto mwenyewe katikati, kama kijitu chenye rangi mbili anazochagua, na kazi zake zikimzunguka. Akisogea nyuma anawaona rafiki zake, akisogea tena anaona mtaa mzima. Si vipimo vitatu, lakini wazo ni lile tunalolitafuta na sisi, kwamba sura ya kompyuta ifuate maisha ya anayeitumia.

Tulipofika kwenye picha, ndipo tulipogombana kidogo. Vijana walitaka upande wa tatu uwe na picha ya Nyiragongo usiku, ile nyekundu tunayoiona wote tukiwa huku. Ni picha nzuri kweli. Mama mmoja aliiona akasimama, akatoka. Yeye alikimbia moto huo Januari 2002, akakimbia tena Mei 2021, na mara hizo zote alivuka kuja Gisenyi na watoto mgongoni. Hakupiga kelele, alisema tu hawezi kukaa kujifunza kuandika huku mlima unamtazama. Vijana wakauliza, mbona sisi tunaupenda? Na hao nao wana haki, ndio mlima wa kwao. Tukaweka ziwa. Ziwa ni lile lile ukilitazama kutoka Goma ama kutoka Gisenyi. Mlima umewekwa kwenye akaunti za wale wanaoutaka.

Hilo neno akaunti ndilo kubwa kuliko yote ya mwezi huu, tunaomba wazazi wasome polepole.

Upande wa mchemraba hauna mlango. Tumesikia familia zikisema "upande wetu" kana kwamba ni chumba chenye kufuli. Sivyo. Yeyote anayejua Ctrl na Alt anageuza na kuona barua uliyoiacha wazi. Pande ni za kupanga kazi, si za kuficha. Kinachotenganisha mtu na mtu ni akaunti, kila moja na jina lake na neno la siri lake, na unapoondoka unatoka kwenye akaunti, huigeuzi meza tu na kwenda kuchota maji. Hata akaunti haitoshi pengine. Kwenye Ubuntu za kabla ya 21.04, folda ya mtumiaji mmoja iliweza kufunguliwa na kusomwa na mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyo hiyo, ndivyo ilivyokuwa imepangwa. Kuanzia 21.04 akaunti mpya zimefungwa, lakini kompyuta nyingi tunazopewa ni za zamani. Na msimamizi wa kompyuta anaweza kufungua zote, mpya na za zamani.

Kwa hiyo karatasi za kesi yenu, picha za vyeti, namba za usajili, barua za ndugu aliyebaki upande wa pili, hizo zisikae humo. Andika, chapa, hamishia kwenye flashi yako, futa, na kikapu cha takataka nacho kimwage. Picha za nyuma vilevile. Usiweke uso wa mtoto wala mlango wa nyumba yenu wenye namba kwenye meza inayoonekana na kila anayepita. Mjukuu akitaka sana kumwona koko kila akiwasha, afanye hivyo katika akaunti yake.

Mambo mawili madogo tumalize. La kwanza: mtoto akichezea viongezo, vichwa vya madirisha vinaweza kupotea, huwezi kufunga wala kusogeza kitu. Usizime kwa nguvu. Kwenye MATE fungua dirisha la amri kwa Ctrl, Alt na T, andika marco --replace, bonyeza Enter. Meza bapa ya kawaida itarudi, na mchemraba utawashwa siku nyingine. Andikeni maneno hayo kwenye karatasi mbandike ukutani.

La pili ni kwa wanaohamia Mahama au Kiziba. Mipangilio yote ya mchemraba inaweza kuhifadhiwa kama faili moja dogo: katika programu ya mipangilio nenda kwenye mapendeleo, chagua kuhifadhi, weka kwenye flashi. Bebeni na zile picha nne za rangi, maana faili hilo halizibebi. Mkifika kwenye kompyuta nyingine yenye Compiz, leteni faili ndani, na koko atakuta njano yake iko pale pale, mara mbili kulia. Wanaoondoka mwezi huu waje Alhamisi baada ya saa tisa, kila mtu na flashi yake, na aliye na akaunti aje tumfutie pamoja naye akitazama.