Tuache Kumsingizia Mungu

Kwenye misiba yetu hapa Buhongwa kuna sentensi inayofunga kila mjadala: "Siku yake ilikuwa imefika." Kijana kagongwa na lori barabara ya Shinyanga akiwa kapakiwa mshikaki kwenye bodaboda, kofia ngumu ikining'inia kwenye usukani, lakini msemaji wa familia atasimama na kutukumbusha kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tunaitikia, tunazika, na jioni ileile pikipiki zinaondoka kijiweni na abiria watatu watatu.

Imani hiyo naipinga, na naipinga nikiwa muumini.

Wanaoitetea husema Mungu anajua yote kabla hayajatokea, kwa hiyo lililotokea lisingeepukika na hakuna wa kulaumiwa. Tangu lini kujua kukawa kusababisha? Mwanafalsafa Boethius, aliyeandika akiwa kifungoni akisubiri kuuawa katika karne ya 6, alieleza kwamba Mungu habashiri kesho kama sisi. Kwake nyakati zote ziko wazi kwa pamoja, na kumwona mtu akitenda si kumlazimisha atende. Kama Mungu aliijua ajali, alimjua pia aliyechagua kupakia kupita kiasi. Ujuzi huo haumfichi mkosaji, unamuumbua.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, nayo ilibeba wengi kuliko hao. Mamia walikufa, na baadhi yao wamezikwa Igoma, jirani zetu. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Hapo hahitajiki nabii, anahitajika mtu wa kuhesabu vichwa mlangoni na kusema, "Basi, kimejaa."

Dini zenyewe hazikutufundisha uzembe huu. Kumbukumbu la Torati inamwagiza mjenzi aweke ukuta wa kuzuia watu darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Khalifa Umar, alipokwepa nchi ya Sham iliyokuwa na tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu kwamba anaitoka kadari moja kuiendea nyingine.

Na tuseme kweli, hata sisi hatuiamini sentensi yetu. Kibaka akikwapua simu stendi ya Buhongwa, hasikiki mtu akisema ilikuwa imepangwa. Tunapiga yowe la mwizi! Kumbe simu ina mwizi, ila roho ya mtu haina muuaji?

Mama aliyefiwa akijifariji kwa maneno hayo, simnyang'anyi. Tena yapo mateso yasiyo na mkosaji: mtoto mwenye saratani wodini Bugando hakuponzwa na nahodha yeyote, na mbele ya kitanda chake sina jibu. Lakini fumbo hilo lisigeuzwe kichaka cha mwenye chombo, trafiki aliyefumba jicho na mkata tiketi.

Padri, mchungaji na sheikh ndio wenye kipaza sauti makaburini. Kabla ya dua, watuulizie hadharani: chombo kilibeba wangapi, nani aliruhusu kiondoke, na kesi imefikia wapi?