Mwalimu Ashikapo Randa, Aibu i Wapi?



Yako maneno yanayosemwa kwa kunong'ona katika vyumba vya walimu, nasi twaona wakati umefika yasemwe hadharani. Husemwa kwamba mwalimu wa lugha anayekwenda kujifunza useremala, ushonaji, uashi au kuchomelea vyuma ameshindwa kazi. Kwamba ameiuza heshima ya chaki kwa vumbi la mbao. Kwamba, kwa kuwa walimu wa Kiswahili ni haba katika nchi zetu zilizo mbali na Pwani, kila aondokaye ni msaliti wa lugha. Aghalabu wayasemao hayo ni watu ambao watoto wao wamelala wameshiba. Sisi twayapinga. Hatuyapingi kwa kutaka madarasa yabaki matupu. Twayapinga kwa kuwa si ya kweli, na tena yanawadhulumu watu waadilifu waliobeba mzigo mzito.

Tuanze na hali ilivyo, na tuitazame Uganda, ambako jambo hili limejitokeza kwa ukali. Mwezi wa Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mwalimu aliyeajiriwa na serikali aliendelea kupata mshahara wake. Mwalimu wa shule ya binafsi, ambaye mshahara wake hutoka katika karo za wanafunzi, aliambiwa arudi nyumbani akangoje. Walioweza kungoja ni wangapi? Wengine walifyatua matofali, wengine walipanga nyanya barabarani, wengine walikodi pikipiki wakabeba abiria. Shule zilipofunguliwa, si wote waliorudi, na hakuna mwenye haki ya kuwauliza kwa nini.

Yakaja ya mwaka ule ule wa 2022. Katika bajeti iliyoanza mwezi wa Julai, mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada aliongezewa mshahara ukafika shilingi 4,000,000 za Uganda kwa mwezi. Mwenzake wa masomo ya sanaa, mwenye shahada kama yeye, akabaki na mshahara wa zamani uliokuwa sehemu ndogo tu ya huo. Walimu walikuwa wamekwisha kugoma mwezi wa Juni kwa ajili ya jambo hilo. Na tarehe 5 Julai, mwezi uo huo wa bajeti mpya, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Msomaji aziweke tarehe hizo pamoja. Kiswahili kilipandishwa cheo, na mwalimu wa Kiswahili, ambaye huhesabiwa kuwa wa sanaa, akaachwa pale pale. Mtu wa namna hiyo akianza kuuliza bei ya msumeno na randa, je, ni yeye aliyeisaliti lugha?

Fauka ya hayo, mshahara wa mwalimu haumhusu mwalimu peke yake. Ndani yake mna karo ya watoto, dawa ya mama mzazi kijijini, karo ya mdogo wake aliye chuoni, mchango wa msiba na mchango wa harusi, na mara nyingi mna makato ya mkopo wa benki yanayoondolewa kabla fedha hazijamfikia mkononi. Mtu huyo hana nafasi ya kuamua kwa kutazama fahari wala aibu. Hana budi kuamua kwa kutazama sufuria. Ndiyo maana twasema kwamba hoja ya heshima, ambayo wakosoaji wameifanya ya kwanza, ingestahili kuwa ya mwisho.

Hata hivyo, kwa kuwa wameitanguliza, tuijibu. Na tuijibu kwa silaha ya taaluma yetu wenyewe, ambayo ni maneno. Sisi walimu wa Kiswahili twafundisha kila mwaka jinsi maneno yanavyozaliwa kutoka katika mzizi mmoja. Basi tulitazame neno *kufunda*, yaani kumpa mtu mafunzo, hasa kijana anayeingia utu uzima. Kwalo tumepata *fundisha*, *funzo*, *jifunza*, *mwanafunzi* na *mkufunzi*. Kwa ukoo uo huo tumepata *fundi* na *ufundi*. Anayefundishwa darasani na anayejua kuunganisha mbao ni watoto wa mzizi mmoja. Kiswahili humwita fundi mtu ambaye ujuzi umeiva ndani yake, akaweza kuutenda na kumwonyesha mwingine. Na hata mtunzi hodari wa mashairi twamwita fundi wa mashairi bila kudhani kuwa tumemshusha. Waliotujengea lugha hii hawakuweka ukuta kati ya darasa na karakana. Ukuta huo tuliletewa na shule za kikoloni, zilizofundisha kwamba mtu aliyeelimika ni yule mwenye mikono isiyo na sugu. Ni ajabu kuona watetezi wa Kiswahili wakiulinda ukuta ambao Kiswahili chenyewe hakiutambui.

Liko jambo jingine ambalo wenzetu wa Uganda hawana budi kulifikiri. Kwa miongo mingi madarasa ya nchi hiyo yalikifungia Kiswahili mlango, kikaitwa lugha ya askari na ya wahuni. Gereji na karakana hazikukifungia. Seremala asemaye Kiganda huuita msumari *omusumaali* na msumeno *omusumeeno*, na akimtaja mtu wa kazi yake hutamka fundi. Wakati wataalamu walipokuwa wakibishana kama lugha hii ina nafasi nchini, mafundi walikuwa wanaitumia kupimia, kukatia na kupigia misumari. Mwalimu wa Kiswahili anayeingia katika karakana haikimbii lugha yake. Anaingia katika nyumba iliyoihifadhi.

Nao ubaya wa dharau hii haumwishii mwalimu. Katika madarasa mengi mtoto mzito wa kuelewa hutishwa kwamba mwisho wake utakuwa kutengeneza baiskeli. Mtoto hulipokea somo hilo upesi kuliko ngeli za nomino. Hujifunza kwamba kazi ya mkono ni adhabu. Mwalimu Nyerere aliuonya ulimwengu wetu juu ya maradhi hayo mwaka 1967 katika *Elimu ya Kujitegemea*, alipoilaumu elimu inayomtenga msomi na kazi za jamii yake. Zaidi ya nusu karne imepita, nasi bado twamcheka mwalimu mwenye vumbi la mbao katika nywele.

Sasa tuje kwenye hoja yao iliyo na uzito, maana si haki kujibu hoja nyepesi na kuiruka nzito. Wao husema: mshika mbili moja humponyoka. Mwalimu mwenye karakana ataikumbuka karakana wakati wa kipindi; madaftari yatakaa wiki tatu bila kusahihishwa; wanafunzi watakaa kimya wakimngoja mtu ambaye yuko sokoni anatafuta gundi. Hili si jambo la kuzua. Hutokea, na linapotokea mwenye kudhulumiwa ni mtoto ambaye hakupanga mishahara ya mtu yeyote. Twakubali kabisa kwamba saa ya mwanafunzi haiuzwi. Anayeichukua ili apigie randa amekwisha kuila amana, na umaskini wake haumsafishi. Lakini tazameni hoja hiyo inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba saa za shule zilindwe. Haithibitishi kwamba saa za jioni, za Jumamosi na za likizo ni mali ya wakosoaji. Mwaka wa shule una likizo tatu. Mwalimu akizitumia kulima, hakuna amnenaye. Akizitumia kujifunza kushona suti, huitwa mroho. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali tangu 1926, akaandika vitabu vyake huku akiitumikia ofisi. Hakuna asemaye kwamba ukarani ulikinyima Kiswahili chochote.

Tukiisha kuwajibu hao, hatuna budi kuwageukia wengine walio kinyume chao, kwa maana nao wanapotosha. Hawa ni wale wanaomwambia mwalimu: tupa chaki leo, ufundi una fedha za haraka. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa jambo hili hawakukosea hata kidogo. Mshahara ni mdogo, lakini una tarehe. Kazi ya fundi haina tarehe. Mteja huleta rubuni, nayo yote huishia katika mbao na misumari. Salio hulipwa kitanda kikiisha, na wako wateja ambao kitanda wamekilalia na salio hawajalileta. Mbao mbichi zikikatwa kwa haraka hujipinda, mlango hukataa kufunga, na hasara ni ya fundi. Mwanagenzi naye, katika miezi yake ya kwanza, hapati ujira. Mara nyingi ndiye anayemlipa fundi mkuu ili amfundishe, tena hutakiwa kuja na baadhi ya zana zake. Anayemwambia baba wa watoto wanne aache kazi akaanzie hapo hamtakii mema. Amempa ushauri ambao yeye mwenyewe hataulipia gharama.

Basi twamshauri nini mwenzetu aliye katika njia panda? Kwanza, asikate shauri peke yake. Mume na mke wakae chini pamoja na daftari, waandike kila kinachoingia na kila kinachotoka, pamoja na yale ambayo huonewa haya kuandikwa, kama vile deni la dukani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na umaskini bila daftari huzidi bila habari. Pili, ajifunze huku anafundisha, kwa fundi mmoja anayeaminika, kwa muda waliopatana mbele ya shahidi. Tatu, asiiache ajira kabla ufundi haujailisha nyumba kwa miezi kadhaa mfululizo, ikiwamo miezi ya karo na ile ambayo wateja huadimika. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, aulize mkopo wake wa benki utalipwaje, na amebakiwa na miaka mingapi kufikia haki yake ya pensheni; maana wako waliouliza maswali hayo barua ikiwa imekwisha kupokewa. Nne, ujuzi wake aupatie hati. Uganda ilitunga sheria ya elimu ya ufundi mwaka 2008 iliyofungua njia ya mtu aliyejifunza kwa kutenda kupimwa na kutambuliwa. Mwalimu anaijua thamani ya mtihani. Asione haya kuufanya.

Huenda baada ya kupima hayo yote akaona abaki na chaki, na ufundi uwe wa kuongezea unga tu. Huenda akaona aondoke. Vyovyote aamuavyo, ikiwa amepima kwa uaminifu na hakuwaibia wanafunzi saa zao, hana deni kwetu.

Deni liko kwetu sisi tulio katika vyama vya walimu. Chama kinachomkaripia anayeondoka na kunyamaza mbele ya anayemlipa mshahara mdogo kimechagua adui aliye dhaifu. Kama kweli twahuzunika kuwapoteza walimu wa Kiswahili, basi kila tunapoadhimisha tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, risala zetu zisiishie katika kuisifu lugha kwa utamu wake. Zitaje mshahara wa anayeifundisha. Ziulize kwa nini somo lililopendekezwa kuwa la lazima lifundishwe na mtu ambaye mshahara wake ni kama wa hiari. Na wale walioondoka tusiwafute katika daftari za chama. Seremala aliyewahi kuwa mwalimu anaweza kuja siku moja katika muhula akawafundisha wanafunzi msamiati wa karakana akiwa na randa, patasi na tupa mkononi, wakaushika vizuri kuliko watakavyoushika kwa kuukariri kutoka ubaoni.

Ndugu walimu, ujuzi hauzeeki, na wa mikono vivyo hivyo. Mwenzenu akiingia chumba cha walimu na sugu mpya kiganjani, msimtazame kwa jicho la pembeni. Mwulizeni anajifunza kwa fundi gani, na kama nafasi ya mwingine ipo.